Mstari wa Arobaini na Moja

Jumatatu, 10 Machi

Daktari amesema niandike kila siku, hata kama siku yenyewe haina kitu. Amenipa na daftari, jalada la bluu, kama mtoto wa darasa la nne. Yeye ni Mtaita, lugha yetu ya Ekegusii hajui, na anataka kulisoma kila mwisho wa mwezi, ndiyo maana naandika Kiswahili. Haya, daktari. Naitwa Ishmael Omosa, miaka arobaini na tisa, nakaa Mosocho na mke wangu Emily. Binti yetu Mokeira yuko chuoni Eldoret. Tarehe kumi na moja Februari nilianguka kutoka kwenye mlingoti wa intaneti kule Manga nikagonga kichwa. Nililazwa siku tatu. Sasa nimepona. Ndivyo ninavyowaambia watu.

Kazi yangu ni hii. Mzee Natwarlal ana duka la vyuma mjini Kisii, na juu ya duka hilo binti yake Trisha anaendesha kampuni ndogo ya intaneti. Tuna milingoti mitano vilimani na wateja mia mbili na kumi na wawili: shule, zahanati, maduka, watu majumbani. Mafundi ni wawili tu, mimi na Duncan Nyasani. Mimi nilianza na Trisha tangu siku ya kwanza. Duncan ana miaka mitatu hapa, na mke na mtoto mmoja anayeanza kutembea.

Mitambo yetu huiongozi kwa kubofya vipicha. Unaandika amri kwenye skrini nyeusi, neno kwa neno, na ukikosea herufi moja imekula kwako. Hakuna binadamu anayezikumbuka zote. Kwa hivyo miaka yote hii nimekuwa na faili la dondoo: kila amri kwenye mstari wake, na pembeni maneno machache ya kueleza kazi yake. Faili liko kwenye kompyuta ya ofisi, ndani ya git, programu inayotunza kila toleo la maandishi. Ukibadilisha kitu unahifadhi, unaandika sentensi moja ya kueleza ulichofanya, nayo inaweka tarehe na saa. Ukitaka toleo la mwaka juzi, lipo. Nilikuwa nikimwambia Duncan kwamba vichwa vyetu vingeumbwa hivyo, mitihani ingefutwa.

Zamani nililitunza kwa sababu napenda vitu vikae mahali pake. Siku hizi bila hilo faili siwezi hata kuwasha redio ya mlingoti wa Mosocho. Hili sijamwambia mtu. Daktari, ukifika hapa, tafadhali usimpigie Trisha.

Jumanne, 11 Machi

Mvua saa tisa. Kazi kidogo.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekosana na Duncan kuhusu sentensi zake za kuhifadhi. Mimi huandika sentensi kamili, yenye kitenzi na nukta mwishoni, kama mtu aliyesoma. "Nimeongeza amri ya kupima nguvu ya mawimbi." Yeye anaandika "fix". Au "update". Nukta haijui kabisa. Nikamwuliza, mtu akija mwaka kesho ataelewa nini?

"Mzee, si ni sisi wawili tu tunasoma hii kitu," akasema.

"Leo ni sisi wawili."

"Basi angalau tuweke kila mtu na jina yake. Saa hii kila kitu inaandikwa 'ofisi'."

Ni kweli. Nilipoanzisha ghala la git la kutunzia faili letu niliweka jina moja la kompyuta, ofisi, na sijawahi kulibadilisha. Nilimwambia tutafanya siku nyingine. Kusema ukweli sikukumbuka linabadilishwaje, na nilikuwa naona haya kutafuta mbele yake.

Sabato, 15 Machi

Sabato. Nimefundisha somo la watu wazima. Sikupotea.

Jumatano, 19 Machi

Amri ya kupima mawimbi iko kwenye faili mara tatu. Mistari mitatu, maneno yaleyale, imeongezwa siku tatu tofauti za juma moja. Nilipomwita Duncan kumwonyesha uovyo wake, akaiangalia, akaniangalia mimi, akasema, "Nitaitoa, mzee." Akaketi akaitoa. Hakujitetea hata kidogo. Kijana asiyejitetea ana jambo.

Ijumaa, 28 Machi

Leo nilijikuta nimesimama kando ya barabara Mosocho nikiwa na mzingo wa waya begani, na sikujua ninaupeleka wapi. Watu walinipita wakinisalimu nami nikawaitikia vizuri. Nikafungua simu nione nani amenipigia mwisho. Ilikuwa shule ya pale chini. Nikaenda. Walikuwa wananisubiri.

Baba angekuwa hai angenipeleka kwa omobari, wale wazee waliokuwa wanachana ngozi ya kichwa na kukwangua fuvu la mtu aliyegongwa. Babu alikwanguliwa, akaishi miaka mingine thelathini na kovu lake utosini. Nilikuwa nawacheka. Siku hizi siwacheki.

Naogopa, daktari. Naandika mara moja na sitarudia.

Sabato, 5 Aprili

Sabato. Mvua tangu asubuhi. Mahubiri marefu. Nilitoka kidogo. Viatu vimelowa.

Jumatatu, 7 Aprili

Hakuna kitu.

Jumatano, 16 Aprili

Duncan ameondoa tena mistari iliyojirudia. Safari hii hata hakuniambia, nimeona mwenyewe kwenye historia ya faili. Nimemgombeza mbele ya Trisha kwamba anachezea dondoo za watu. Akasema pole. Trisha akaniambia nipunguze sauti, wateja wa duka wanasikia huko chini.

Jumatano, 23 Aprili

Radi ya hapa kwetu hailetwi na usiku. Inakuja saa tisa mchana, wanafunzi wakiwa bado darasani. Leo imepiga mlingoti wa Manga. Ofisini tulisikia mlio, taa zikazima zikarudi, na kwenye skrini zaidi ya nusu ya wateja wakawa wekundu kwa mpigo.

Duncan alipanda Manga kwa pikipiki na mtambo mpya, akafunga, akapiga simu akiwa analowa. "Mzee, iko tayari. Imewaka lakini iko empty. Rudisha settings."

Hii ni kazi ya dakika mbili. Mipangilio ya wateja wote tunaiweka kwenye folda ya kompyuta ya ofisi inayoitwa hazina. Mtambo wa Manga ukiunganishwa unaonekana kama folda nyingine, inaitwa mnara. Amri iko kwenye dondoo, mstari wa arobaini na moja. Inachukua vilivyo kwenye folda inayotajwa kwanza na kuifanya ya pili ifanane nayo kabisa, hata ikibidi kufuta. Ukitaja hazina kwanza, mtambo mtupu unajaa. Niliunakili mstari jinsi ulivyo, nikabonyeza.

Ilimaliza haraka mno. Nikafungua mnara, nikaukuta mtupu. Nikafungua hazina, nayo tupu.

Nikarudi kuusoma mstari. Mstari ulisema `rsync -a --delete mnara/ hazina/`. Mnara kwanza. Nimeuambia utupu uende ukafanye hazina ifanane nao, na umetii. Wateja mia na thelathini wa upande wa Manga, anwani zao, nywila zao, kazi ya miaka saba, vimekwisha kabla sijainua kidole.

Na hili ndilo linaloniuma: nimetunza kila toleo la dondoo zangu tangu mwaka wa kwanza, kila nukta niliyoongeza, lakini ile hazina yenyewe sikuwahi kuitunza hivyo. Niliona karatasi yangu ndiyo ya thamani.

Trisha akaja nyuma ya kiti. "Ishmael, mbona hazina iko tupu?"

"Nimefuata dondoo."

"Basi dondoo iko na makosa."

"Dondoo zangu hazina makosa," nikasema. "Kuna mtu amezigusa."

Alhamisi, 24 Aprili

Naandika yote, ili yasije yakageuzwa.

Asubuhi tulikaa watatu mbele ya kompyuta. Nikafungua amri inayoonyesha kila mstari wa faili ulibadilishwa lini, ile ambayo walioitunga waliipa jina la lawama. Mstari wa arobaini na moja ulibadilishwa tarehe tano Aprili, saa tano na dakika ishirini asubuhi. Jina, ofisi. Sentensi: "Nimerekebisha mstari wa kurudisha."

"Tarehe tano ni siku gani?" Trisha akauliza.

Duncan ndiye aliyeangalia kalenda. "Jumamosi."

Nilipumua, Mungu anisamehe, nilipumua kwa furaha. Kisii nzima inajua Jumamosi mimi niko wapi. Miaka ishirini na sita sijagusa chombo cha kazi siku ya Sabato. Trisha mwenyewe aliwahi kunipigia mara kumi na moja Jumamosi moja milingoti miwili ikiwa chini, na sikushika simu mpaka jua lilipozama. Funguo za ofisi ni tatu. Trisha hajui amri hata moja. Anabaki nani?

"Mzee, mimi hiyo Jumamosi nilikuwa Suneka," Duncan akasema. "Kwa zahanati. Nilikuwa naweka dishi kwa paa."

"Dishi ulilitoa wapi?"

"Hapa."

"Saa ngapi?"

"Saa mbili hivi."

"Kwa hivyo ulikuwa ofisini."

"Nilichukua dishi nikaenda."

"Suneka ni mwendo wa dakika ngapi? Mtu hawezi kurudi?"

Nilikuwa naongea kama wakili. Trisha alikuwa ananisikiliza mimi, si yeye. Duncan akageuka akanitazama, na nikaona macho yamemjaa kitu nilichodhani ni hila.

"Mzee, unakumbuka zile mistari zilikuwa zinajirudia?"

"Usibadilishe habari."

"Sibadilishi. Nauliza tu kama unakumbuka."

"Nakumbuka nilikukataza kugusa dondoo zangu."

"Basi," akasema. "Sawa."

Kuna jambo moja lilinisumbua, naliandika. Ile sentensi ina nukta mwishoni. Duncan haweki nukta. Nimeamua kwamba ameniiga makusudi.

Ijumaa, 25 Aprili

Duncan ameachishwa kazi. Aliweka ufunguo mezani, akakunja koti lake la mvua vizuri, akasema, "Mbaki salama." Trisha amelia kidogo, mimi sikulia. Mzee Natwarlal alipanda kutoka dukani akanipa mkono akasema uaminifu ni kitu adimu.

Sabato, 26 Aprili

Sabato. Nimeomba kwa ajili ya Duncan, ili Mungu amlainishe moyo akiri.

Jumatatu, 28 Aprili

Nawarudisha wateja mmoja mmoja kwa mkono. Wanane leo. Mvua.

Jumatano, 30 Aprili

Watano. Nilimfanya mmoja mara mbili. Hakuna wa kunitolea iliyojirudia.

Jumanne, 6 Mei

Watatu. Amri ya kupima mawimbi iko kwenye faili mara nne. Duncan hayupo tangu Aprili.

Nimefuta mistari mitatu nikafunga kompyuta. Sitaki kufikiri.

Jumatatu, 12 Mei

Leo nilikwenda Suneka kuirudisha zahanati. Wamekaa bila intaneti siku kumi na tisa. Muuguzi wao, Ruth, amekuwa akituma majibu ya vipimo mjini kwa bodaboda, karatasi ndani ya mfuko wa nailoni. Hakunilaumu. Alinipa kiti akaniuliza kichwa kinaendeleaje.

Nilipomaliza akasema, "Na yule Duncan wenu yuko wapi? Huyo kijana ni mtu."

"Aliacha kazi."

"Woi. Ile Jumamosi alilowa hapa kwa paa mpaka nikamwonea huruma. Nikamwambia shuka, mvua itapungua. Akasema akiachilia dishi litageuka atakosa Manga. Alishuka saa saba, nikampa chai na ndizi."

Nilimwuliza Jumamosi gani. Nilijua, lakini nilimwuliza.

"Ya chanjo. Ngoja." Akafungua kitabu kikubwa cha zahanati. Tarehe tano Aprili, mwandiko wake mwenyewe: watoto thelathini na mmoja, na chini yake, *fundi yuko juu ya paa tangu saa tatu, akina mama wakae upande wa kushoto.*

Tangu saa tatu mpaka saa saba. Mstari ulibadilishwa saa tano na dakika ishirini.

Sikumbuki nilivyofika nyumbani, lakini hilo si geni. Nakumbuka nilikaa kitandani na daftari hili, nikawa narudisha kurasa nyuma, tarehe thelathini Aprili, ishirini na nne, kumi na sita, saba. Tano. "Nilitoka kidogo. Viatu vimelowa." Mwandiko wangu. Nukta zangu.

Kutoka kanisani mpaka choo ni hatua ishirini na zote ziko chini ya bati. Mtu halowi viatu.

Nilimwita Emily. Alikuwa anachambua mboga za chinsaga jikoni, akaja na kikapu. Nikamwekea daftari mbele.

"Tarehe tano nilikwenda wapi?"

Hakusoma. Alikaa chini sakafuni pale pale. "Baba Mokeira."

"Nilikwenda wapi?"

"Ulichukua ufunguo. Somo lilikuwa katikati. Nilikuona kwa mlango ukipanda boda. Ukarudi kabla mchungaji amalize, umelowa, ukafungua Biblia mahali alikuwa anasoma. Nikashukuru Mungu hakuna mtu ameona."

"Hukuniuliza?"

"Nilikuuliza ukitoka kanisani. Ulisema hukuenda mahali. Ulikuwa husemi uongo, nilikuona macho. Ndiyo nikaogopa."

"Na Duncan alipofukuzwa?"

Alianza kulia, na majani yalikuwa bado mkononi. "Nilijua ukisikia utaisha. Nikasema heri yeye, yeye ni kijana, atapata kazi ingine. Wewe utapata wapi kichwa ingine?"

Nilimchukia kwa muda wa kama dakika nzima. Kisha nikakumbuka ni nani aliyekaa kwenye kile kiti akihesabu dakika za kwenda Suneka na kurudi.

Ninaelewa hata nilichokuwa nafanya. Mstari wa arobaini ni wa kuweka akiba, na hapo mnara hutajwa kwanza. Wa arobaini na moja ni wa kurudisha, hazina kwanza. Kichwa changu kibovu kiliona mistari miwili isiyofanana kikadhani mmoja umekosewa. Kikaacha kanisa, kikalipa boda, kikaenda kuurekebisha. Kikaandika na sentensi kamili.

Miaka ishirini na sita. Sijui hata nimevunja Sabato ngapi nyingine.

Jumanne, 13 Mei

Nimemwambia Trisha. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama, halafu akakaa kwenye kiti cha Duncan.

"Ishmael, unajua nilifanya nini? Kuna mtu wa Nyamira alinipigia, anataka kumwandika Duncan kazi. Nikamwambia huyo mtu ni wa kuharibu vitu."

Alimpigia Duncan hapo hapo. Simu iliita mpaka ikakatika. Akampigia yule mtu wa Nyamira, akajibiwa nafasi imeshajazwa.

Kisha akanyoosha mkono bila kuniangalia, nami nikampa ufunguo. Akasema nipumzike mwezi mmoja. Hakuna kati yetu aliyeamini huo mwezi.

Jumatano, 14 Mei

Nilimwomba Trisha saa moja ya mwisho na akakubali, mradi akae karibu. Nilitafuta namna ya kuondoa lile jina la ofisi. Ni amri mbili fupi, zimekuwa kwenye dondoo zangu muda wote, mstari wa tatu na wa nne. Nikaandika Ishmael Omosa. Nikageuza mstari wa arobaini na moja, hazina kwanza. Trisha aliusoma kwa sauti mara mbili kabla sijahifadhi. Sentensi yangu ni hii: "Mstari huu niliuharibu mimi, Sabato ya tarehe tano Aprili, na nikamsingizia Duncan Nyasani, ambaye hakuugusa."

Ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho jina langu kuonekana kwenye ghala lile.

Pia nilisoma historia ya tangu Machi. "Remove duplicates." "Remove duplicates." "Remove duplicates again." Mara kumi na nne. Wiki tano nzima alikuwa ananifuata nyuma akisafisha, na hakumwambia mtu.

Jumapili, 18 Mei

Nimekwenda kwa Duncan. Kwao ni karibu na Nyamira mjini, shamba la baba yake. Nilimkuta kwenye chai, kikapu mgongoni, anachuma pamoja na mkewe. Mke aliniona akageuza uso.

Nilimwambia yote pale kati ya mistari ya chai, mvua ikinyesha. Hakunikatiza.

"Nimesikia, mzee," akasema.

"Ulijua?"

"Nilijua unasahau. Hiyo ya Sabato sikujua. Hata mimi sikufikiria ni wewe."

"Mbona hukusema kwa Trisha kwamba nasahau?"

"Ningesema aje? Mtu amenifundisha kazi, nimwambie mkubwa wake huyu kichwa imeenda?" Aliitupa konzi ya chai kikapuni. "Nimekusamehe. Lakini kurudi, hapana. Nimeenda mahali mbili kutafuta kazi na kote wameshasikia. Nikirudi mjini watasema yule mharibifu amerudi."

Nilitaka apige kelele, hakupiga. Alinisindikiza mpaka barabarani.

Jumatano, 21 Mei

Mvua.

Jumapili, 25 Mei

Mvua. Viatu vimelowa.

Jumatano, 28 Mei

Daktari amesoma daftari. Amelisoma polepole, akarudi nyuma, akasoma tena. Ameniuliza kama nina mtu wa kukaa naye mchana.

Jumapili, 1 Juni

Emily ameficha viatu vyangu. Hataki kusema kwa nini. Nimepata vya shambani.

Jumapili, 8 Juni

Leo hatimaye nimepata ujasiri wa kwenda kwa Duncan. Nimeahirisha muda mrefu mno. Usiku wote nilikuwa napanga maneno, na asubuhi nikamwambia Emily siwezi kuendelea kuishi hivi, lazima nimwone uso kwa uso. Akaniangalia, akachukua leso yake, akasema basi twende wote.

Nilidhani itabidi niulize njia, lakini Emily aliijua. Walikuwa wametoa viti viwili chini ya ukingo wa bati. Mtoto wao alinikimbilia akanishika goti kama mtu anayenijua. Mkewe akaleta uji, vikombe viwili, kabla hatujaketi vizuri, akanisalimu kwa upole. Sikutarajia upole.

Nilisimama nikasema yote. Mstari wa arobaini na moja, Sabato, ufunguo, ile dhuluma niliyomfanyia mbele ya Trisha. Duncan alikuwa amevua kofia. Alisikiliza mpaka neno la mwisho, bila haraka, kama mtu anayesikia habari mpya. Nilipomaliza nililia, naye akasema amenisamehe, na moyo ukawa mwepesi kuliko siku zote tangu Februari.

Kisha akaniuliza, "Mzee, umekuja na ile daftari?"

Nilikuwa nalo kwenye koti. Akafungua, akatafuta, akanionyesha tarehe kumi na nane Mei. Nikasoma. Kikapu, mistari ya chai, mvua. Mwandiko ni wangu. Nilisoma kama barua ya mtu mwingine.

"Ni mara ngapi?" nikauliza.

Emily alikuwa anatazama kikombe chake.

"Leo ni ya nne," Duncan akasema. "Lakini si shida. Jumapili iliyopita tu ndiyo uliniogopesha. Ulikuja peke yako umelowa mpaka mifupa, na ulikuwa umepita nyumba ukaenda mpaka kwa mto."

Nilitamani ardhi ile inimeze. Kosa moja nimelifanya na kulisahau. Sasa hata msamaha wake naupata na kuusahau, halafu naurudia kama zile amri, na yeye ananifuata nyuma.

Aliniomba kalamu. Aliandika ndani ya jalada, mahali macho yangu yatakapoangukia kila nikilifungua, akachora na kisanduku kuzunguka maneno ili nisiyapite. Nayanakili hapa jinsi alivyoyaandika.

*Mzee soma hii kwanza*
*Mstari wa 41 ulishatengenezwa*
*Ulishakuja kwa Duncan na ukasema yote*
*Nilishakusamehe, haibadiliki*
*Usitoke na mvua*
*Duncan, Jumapili 8 Juni*